Maya Deren: Mwanamke aliyeifundisha kamera kucheza dansi

MWIMBAJI anainua mguu akiwa ufukweni mwa bahari, na anapoushusha yuko katikati ya jiji. Anageuka akiwa amevaa gauni jekundu, na anapomaliza kugeuka gauni limekuwa jeupe. Watazamaji wa video za nyimbo wameizoea mbinu hiyo kiasi kwamba hakuna anayeistaajabia tena.

Mwaka 1945 mambo hayakuwa hivyo. Katika mwaka huo, mwanamke mmoja mfupi wa kimo, mwenye nywele nyingi zisizokubali kutulia, alitoa jijini New York filamu ya dansi ya dakika chache tu, isiyo na sauti hata kidogo. Ndani ya filamu hiyo mcheza dansi aliinua mguu akiwa msituni na kuushusha akiwa chumbani. Mwanamke huyo aliitwa Maya Deren.

Leo jina lake linatajwa miongoni mwa waasisi wa filamu huru nchini Marekani, zile zinazotengenezwa nje ya makampuni makubwa ya Hollywood. Hata hivyo, maisha yake hayakuwa ya neema. Alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 44, akiwa amebanwa na ukata, huku kazi kubwa kuliko zote alizopata kuzianzisha, yaani filamu ya ngoma za ibada za Haiti, ikiwa bado haijaunganishwa.

Kazi hiyo haikukwama kwa sababu ya fedha peke yake. Ilikwama pia kwa sababu mwongozaji huyo, aliyejijengea jina kwa kuzipanga upya hatua za wachezaji, alikutana na ngoma ambayo aliona hana haki ya kuipanga upya.

Mtoto wa wakimbizi

Maya Deren alizaliwa tarehe 29 Aprili 1917 katika mji wa Kiev, Ukraine, kwenye familia ya Kiyahudi. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Eleonora, na ukoo wao ulikuwa wa Derenkowsky. Baba yake, Solomon, alikuwa daktari wa magonjwa ya akili.

Mwaka aliozaliwa ndio mwaka wa mapinduzi nchini Urusi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilifuata, na pamoja navyo mashambulizi ya kikatili dhidi ya Wayahudi katika miji na vijiji vya Ukraine. Mwaka 1922 familia hiyo ilikimbilia Marekani na kuweka makazi katika mji wa Syracuse, jimbo la New York. Huko jina la ukoo lilifupishwa na kuwa Deren.

Binti huyo alikuwa mwepesi wa masomo. Kuanzia mwaka 1930 alisoma katika shule ya kimataifa mjini Geneva, Uswisi, na aliporejea Marekani aliingia Chuo Kikuu cha Syracuse akiwa na miaka 16 tu. Alisomea uandishi wa habari na siasa, akajiunga na umoja wa vijana wa kisoshalisti, na akiwa na miaka 18 akaolewa na mwanaharakati mwenzake. Walihamia jijini New York, ambako alihitimu shahada ya kwanza mwaka 1936. Ndoa hiyo haikudumu.

Mwaka 1939 alipata shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiingereza kutoka Chuo cha Smith. Tasnifu yake ilihusu namna washairi wa Kifaransa wa mkondo wa ishara walivyowaathiri washairi wa Uingereza na Marekani. Wakati huo aliamini kuwa yeye mwenyewe angekuwa mshairi.

Ushairi haukumpa alichokitafuta. Baadaye alieleza kwamba kichwa chake kilikuwa kikifikiri kwa picha, na kwamba kila alipoandika shairi alikuwa akizitafsiri picha hizo kuwa maneno. Alipoishika kamera kwa mara ya kwanza, kazi hiyo ya kutafsiri iliisha.

Katika msafara wa Katherine Dunham

Kabla ya kamera, ilitangulia dansi. Mwaka 1941 Deren aliajiriwa kama katibu na msaidizi wa Katherine Dunham, mwanamke Mmarekani mweusi aliyekuwa na sifa mbili ambazo ni nadra kukutana kwa mtu mmoja. Dunham alikuwa mcheza dansi na mtunzi wa dansi mwenye kundi lake mwenyewe, na pia alikuwa msomi wa elimu ya jamii za watu aliyesoma Chuo Kikuu cha Chicago.

Katikati ya miaka ya 1930 Dunham alikuwa amekwenda katika visiwa vya Karibiani, hasa Haiti, kuchunguza ngoma za watu wenye asili ya Afrika. Aliyoyakuta huko aliyaingiza katika dansi za jukwaani, na kundi lake likawa miongoni mwa makundi ya wachezaji weusi yaliyojulikana sana duniani.

Deren alisafiri na kundi hilo katika ziara ya mchezo wa muziki wa Cabin in the Sky. Hakuwa mchezaji wa kufundishwa, ingawa alipenda mno kucheza. Kazi yake ilikuwa barua, ratiba na makabrasha. Lakini jioni alikaa pembeni ya jukwaa akitazama, na mchana alisikiliza habari za Haiti. Mwaka 1942 alichapisha makala kuhusu kupagawa kwa kidini katika dansi, miaka mitano kabla hajakanyaga ardhi ya Haiti.

Wachezaji wawili waliopitia katika kundi la Dunham, Talley Beatty na Rita Christiani, walikuja baadaye kuwa nguzo za filamu zake.

Kamera ya mkono wa pili

Ziara hiyo ilimfikisha Deren mjini Los Angeles, na hapo akakutana na Alexander Hammid, mpiga picha na mwongozaji wa filamu kutoka Czechoslovakia aliyekuwa ameikimbia nchi yake ilipotwaliwa na Wanazi. Walioana mwaka 1942. Hammid ndiye aliyemfundisha mkewe namna kamera inavyofanya kazi.

Mwaka 1943 baba yake Deren alifariki dunia. Kwa fedha kidogo za urithi alinunua kamera ya Bolex iliyokwisha kutumika, ya utepe wa milimita 16. Ilikuwa kamera ndogo inayoshikika mkononi, isiyotumia umeme. Mpiga picha huizungusha ufunguo kama saa ya mezani, kisha springi huusukuma utepe kwa muda usiofika nusu dakika kabla ya kuhitaji kuzungushwa tena. Kasi yake iliweza kubadilishwa, kutoka picha 8 hadi picha 64 kwa sekunde moja.

Kwa kamera hiyo mume na mke walitengeneza, ndani ya nyumba yao ya kupanga, filamu ya dakika 14 iitwayo Meshes of the Afternoon. Gharama yake inatajwa kuwa dola 275 hivi. Deren mwenyewe ndiye mwigizaji mkuu, mwanamke anayelala alasiri na kuota ndoto inayojirudia, yenye ufunguo, kisu, ua na mtu aliyejifunika nguo nyeusi ambaye uso wake ni kioo.

Katika filamu hiyo kuna hatua chache ambazo zilimfungulia mlango. Mwanamke anatembea kuelekea mahali alipolala mwenzake. Hatua moja inaangukia kwenye mchanga wa pwani, nyingine kwenye nyasi, nyingine kwenye saruji, na ya mwisho kwenye zulia la ndani. Mwendo ni mmoja usiokatika, lakini ardhi inabadilika kila unyayo unapotua.

Mwaka huohuo alijipa jina jipya la Maya, neno la Kisanskriti lenye maana ya kiini macho. Wakahamia New York, wakapanga katika mtaa wa Morton, eneo la Greenwich Village. Mwaka 1944 alitoa filamu ya pili, At Land, kuhusu mwanamke anayetupwa ufukweni na mawimbi yanayorudi nyuma badala ya kwenda mbele.

Dansi ya watu wawili, mmoja haonekani

Hadi wakati huo filamu za dansi zilikuwa za aina mbili. Kulikuwa na zile za kumbukumbu, ambamo kamera iliwekwa mbele ya jukwaa na kurekodi kinachochezwa. Kulikuwa pia na zile za Hollywood, ambamo mamia ya wasichana walipangwa katika maumbo ya maua na nyota ili watazamwe kutoka juu. Deren alitaka aina ya tatu, yaani dansi ambayo isingeweza kuchezwa mahali popote duniani isipokuwa ndani ya filamu.

Mwaka 1945 alimwita Talley Beatty, kijana Mmarekani mweusi aliyekuwa na mruko mrefu na mwili wenye utulivu, na pamoja wakatengeneza A Study in Choreography for Camera. Kichwa hicho kina maana ya jaribio la utunzi wa dansi kwa ajili ya kamera, na ndivyo filamu yenyewe ilivyo.

Beatty anaonekana kwanza msituni, kati ya miti. Kamera inazunguka taratibu, na kila inapopita anaonekana tena mahali pengine, kana kwamba miti inamficha na kumtoa. Anainua mguu juu, na unaposhuka yuko ndani ya chumba. Kutoka chumbani anaingia katika ukumbi wa vitu vya kale vya Misri ndani ya jumba la makumbusho la Metropolitan. Hapo Deren alitumia lenzi pana inayorefusha umbali, hivyo hatua chache za mchezaji zinaonekana kumeza ukumbi mzima.

Kisha Beatty anazunguka mahali pamoja mbele ya sanamu yenye vichwa vingi. Anaanza kwa mwendo wa pole kama mtu aliye ndani ya maji, na anamaliza kwa kasi ya pangaboi. Mchezaji hakubadilisha kasi kwa kiasi hicho. Aliyeibadilisha ni mpiga picha, aliyeishusha kamera kutoka picha 64 kwa sekunde hadi picha 8 wakati mchezaji akiendelea kuzunguka.

Mwisho ni mruko. Beatty anaruka, anapaa, anaelea angani kwa muda ambao hakuna binadamu anayeweza kukaa hewani, kisha anatua akiwa amechuchumaa juu ya mwamba, mbele yake kukiwa na upeo mpana wa nchi. Mruko huo ni vipande kadhaa vilivyopigwa mbalimbali na kuunganishwa, kila kimoja kikianza pale ambapo kilichotangulia kinaishia. Hakuna kipande kinachoonyesha kuinuka na kutua kwa pamoja.

Deren aliichukulia filamu hiyo kuwa dansi ya watu wawili. Mmoja ni Beatty anayeonekana. Wa pili ni kamera, ambayo haionekani lakini inatembea, inageuka na kushika pumzi pamoja naye. Mhakiki wa dansi wa gazeti la New York Times, John Martin, alilazimika kubuni neno jipya la kuunganisha utunzi wa dansi na sinema, kwa kuwa neno la kuitaja kazi ya aina hiyo halikuwapo.

Jambo moja lilikuwa wazi pia kwa waliofahamu hali ya Marekani ya siku hizo. Wakati ambapo Hollywood iliwapa weusi nafasi za watumishi na vichekesho, Deren alimweka kijana mweusi peke yake mbele ya kamera, bila kueleza lolote, kama mwili wa binadamu unaotosha kujaza ulimwengu.

Sherehe inayogeuka kuwa dansi

Mwaka 1946 alifuata na Ritual in Transfigured Time, filamu ya dakika 15. Humo Rita Christiani na Deren mwenyewe wanaigiza kama nusu mbili za mwanamke mmoja. Kuna sherehe ya watu wengi wanaosalimiana, wakiwamo waandishi Anaïs Nin na Gore Vidal. Hakuna aliyeambiwa acheze dansi. Lakini Deren alichukua ishara za kawaida, mkono unaonyooshwa, shingo inayoinama, bega linalopishana na bega, akazirudia na kuzipanga hadi ukumbi mzima ukawa kama unacheza.

Mwishoni mwanamke anakimbilia baharini akiwa amevaa nguo nyeusi za mjane. Anapozama, Deren anageuza picha kuwa ya kinyume, weusi ukawa weupe, na mjane anakuwa bibi harusi.

Miaka miwili baadaye, katika Meditation on Violence, alimpiga picha kijana wa Kichina, Chao-Li Chi, akionyesha mitindo ya mapigano ya Wu-tang na Shaolin. Filumbi ya Kichina na ngoma za Haiti ndizo zilizobeba muziki wake. Katikati ya filamu Deren aliugeuza mkanda ukaenda kinyumenyume, lakini mwendo wa mchezaji ulikuwa na uwiano mkubwa kiasi kwamba watazamaji wengi hawatambui badiliko hilo.

Mwenye filamu, mwenye tiketi

Filamu hizo hazikuwa na mnunuzi. Hakuna jumba la sinema lililotaka filamu ya dakika tatu isiyo na sauti wala hadithi. Deren aliamua kufanya kazi zote mwenyewe. Aliandika matangazo, akayachapisha, akatuma barua vyuoni, akakodisha mikanda kutoka nyumbani kwake na kusafiri nayo akitoa mihadhara.

Tarehe 18 Februari 1946 alikodi ukumbi wa Provincetown Playhouse, uliopo Greenwich Village, na kuonyesha filamu zake tatu. Watu walifurika. Miongoni mwa waliovutiwa na mfano huo alikuwamo Amos Vogel, mhamiaji kutoka Austria, ambaye mwaka 1947 alianzisha klabu ya Cinema 16, iliyokuja kuwa klabu mashuhuri kuliko zote za filamu nchini Marekani.

Mwaka huohuo wa 1946 Deren alipata ruzuku ya mfuko wa Guggenheim kwa ajili ya ubunifu katika filamu, fani ambayo mfuko huo haukuwa na mazoea ya kuigharamia. Mwaka 1947 Meshes of the Afternoon ilipata tuzo mjini Cannes, Ufaransa, katika kundi la filamu za majaribio za milimita 16.

Alizoea kuwaambia wasikilizaji wake kwamba fedha ambazo Hollywood hutumia kwa rangi ya midomo zinamtosha yeye kutengeneza filamu nzima. Ulikuwa utani wenye ukweli mchungu ndani yake. Heshima ilikuja, lakini kodi ya pango iliendelea kumsumbua.

Ngoma isiyohitaji mwongozaji

Septemba 1947, ndoa yake na Hammid ikiwa imevunjika, Deren alisafiri kwenda Haiti kwa fedha za Guggenheim. Mpango wake ulikuwa mkubwa. Alitaka kuchukua ngoma za dini ya Vodou, michezo ya watoto na ibada za kisiwa cha Bali, kisha aziunganishe zote katika filamu moja kama mtunzi wa muziki anavyosuka sauti kadhaa ndani ya wimbo mmoja. Haiti ingekuwa malighafi.

Dini hiyo ya Vodou ilizaliwa na watu waliochukuliwa utumwani kutoka Dahomey, nchi ya Wayoruba, Kongo na sehemu nyingine za Afrika. Ngoma ndiyo ibada yake. Wapigaji wanapoipata midundo inayostahili, mungu aitwaye lwa humpanda mmoja wa wachezaji. Anayepandwa huitwa farasi, na lwa ndiye mpandaji.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapo. Lugha yake yenyewe husema kwamba mtu amepandwa na pepo, na katika ngoma za pepo za pwani mtu huyo huitwa kiti. Farasi au kiti, fikra ni ileile ya mwili wa binadamu kukaliwa na mwingine.

Deren alifika akiwa na kamera, vinasa sauti na nia ya kupanga. Lakini kadiri alivyokaa, mpango ulimponyoka. Aliona kwamba kila hatua ya wachezaji tayari ilikuwa na maana yake, kila mdundo ulikuwa na lwa wake, na kila ishara ilikuwa na mahali pake. Ukiikata hatua moja na kuiunga na nyingine kutoka kisiwa cha mbali, umeharibu sentensi kamili ili upate maneno mazuri.

Zaidi ya hayo, hakubaki pembeni. Alirudi Haiti mara kadhaa hadi katikati ya miaka ya 1950, akapitishwa katika taratibu za dini hiyo, na katika sura ya mwisho ya kitabu chake alieleza jinsi yeye mwenyewe alivyopandwa na lwa wakati wa ngoma. Mtu aliyekuwa akishika kamera alikuwa amegeuka kuwa farasi.

Alipiga zaidi ya futi 18,000 za filamu na kunasa saa nyingi za ngoma na nyimbo. Filamu yenyewe hakuikamilisha. Badala yake, kwa kuhimizwa na Joseph Campbell, mtafiti wa visasili, aliandika kitabu, Divine Horsemen, kilichochapishwa mwaka 1953. Katika dibaji alikiri kwamba alianza kazi kama msanii aliyekusudia kutumia vipande vya ukweli kujengea sanaa yake, na akaishia kuurekodi ukweli huo kwa unyenyekevu, kwa kuwa ulimlazimisha kuuheshimu jinsi ulivyo.

Kwa msanii mwingine maneno hayo yangekuwa ya kawaida. Kwake yalikuwa makubwa, maana kukata na kuunga ndiko kulikompa jina. Kitabu chake kimebaki kuwa miongoni mwa vitabu vinavyoheshimika kuhusu dini ya Haiti, lakini makopo ya filamu yalibaki yamefungwa.

Miaka ya mwisho

Deren hakuacha kabisa filamu za dansi. Katika miaka ya 1950 alitengeneza The Very Eye of Night, akishirikiana na mtunzi mashuhuri wa dansi ya ballet, Antony Tudor, na wanafunzi wa shule ya ballet ya Metropolitan Opera. Filamu nzima iko katika picha ya kinyume. Wachezaji weupe wanaelea katika anga jeusi lenye nyota, bila sakafu wala uzito. Filamu hiyo ilionyeshwa rasmi New York mwaka 1959.

Muziki wake ulitungwa na Teiji Ito, Mjapani kijana kuliko Deren kwa miaka 18, aliyekuwa mwenzi wake na ambaye baadaye alifunga naye ndoa. Ni Ito pia aliyetunga mwaka 1959 muziki unaosikika leo katika Meshes of the Afternoon, filamu iliyokuwa kimya kwa miaka 16.

Katika kipindi hicho Deren alitumia nguvu nyingi kuwatafutia wenzake alichokikosa yeye. Mwaka 1955 alianzisha taasisi ya Creative Film Foundation ili kuwasaidia watengenezaji wa filamu huru. Stan Brakhage, aliyekuja kuwa gwiji wa fani hiyo, aliwahi kuishi nyumbani kwake akiwa bado kijana asiyejulikana.

Afya yake ilikuwa ikidhoofika. Waandishi wa maisha yake wanataja kutokula vizuri kwa muda mrefu pamoja na dawa za kuchangamsha mwili alizokuwa akidungwa. Tarehe 13 Oktoba 1961 alifariki dunia jijini New York kwa kuvuja damu kwenye ubongo. Majivu yake yalitawanywa katika mlima Fuji, Japani.

Alichokiacha

Waongozaji waliofuata waliendelea pale alipoishia. Shirley Clarke, aliyekuwa mcheza dansi kabla ya kushika kamera, alitoa mwaka 1953 Dance in the Sun, ambamo mchezaji anaruka kutoka jukwaani na kutua ufukweni. Hilary Harris alitoa Nine Variations on a Dance Theme mwaka 1966, na Norman McLaren wa Kanada alitoa Pas de deux mwaka 1968, ambamo mwili wa mchezaji unajizidisha na kuacha vivuli vyake nyuma.

Mwaka 1990 Meshes of the Afternoon iliingizwa katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa kama urithi wa taifa la Marekani. Mwaka 2022, katika kura ya wahakiki iliyoendeshwa na jarida la Uingereza la Sight and Sound, filamu hiyo ya dola 275 ilishika nafasi ya 16 miongoni mwa filamu bora za wakati wote.

Makopo ya Haiti nayo yalifunguliwa. Teiji Ito na mkewe wa baadaye, Cherel, waliyapanga na kuyaunganisha, na filamu hiyo ikatolewa mwaka 1985, miaka 24 baada ya kifo cha Deren na miaka mitatu baada ya kifo cha Ito. Ina jina lilelile la kitabu, na ina sauti ya msimulizi inayosoma maelezo kutoka humo.

Wapo wanaoishukuru kazi hiyo kwa sababu bila yake dunia isingeziona picha hizo. Wapo pia wanaouliza kama ilikuwa halali kuunganisha kile ambacho mwenyewe alichagua kutokiunganisha. Hoja zote mbili zina uzito, na mwenye jibu hayupo.

Lakini picha zenyewe zinaonekana. Wanawake wa Haiti wamevaa nguo nyeupe, miguu yao haina viatu, mabega yao yanakwenda na mdundo. Kamera iko karibu nao, mkononi mwa mtu anayejua kuifanya ipae, na wakati mwingi imetulia tu, ikitazama.